Mkwe Habebwi

Miaka kumi na tisa Bibi Loisi wa Makutupora alikuwa na mkwe, na katika miaka yote hiyo yeye na Batholomeo hawakuwahi kula sahani moja wala kutazamana machoni. Ndivyo alivyolelewa: mkwe ni moto, uote kwa mbali. Akiwa na neno humwambia binti yake Hilda, na Batholomeo, hata kama amesimama palepale, hungoja Hilda alirudie.

Sasa watu wa namna hiyo utawapakiaje kwenye gari moja siku nne?

Batholomeo alikuwa dereva mstaafu wa ofisi moja mjini Dodoma. Alinunua Hiace kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi, pipa la maji na kabati dogo kama mzinga wa nyuki. Akaliita gari la kulala. Hilda ndiye aliyemwambia waanzie wapi. Mama yake alikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni: afagie kaburi la mama yake kabla na yeye hajafukiwa. Kwa ukoo wao, mtoto asiyelifagia kaburi la mzazi bado hajamaliza kuzika. Na kaburi lenyewe lilikuwa juu ya Kilima cha Mizinga, huko Mtera. Bwawa lilipojaa, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, kilima kikawa kisiwa. Kisiwa kipi kati ya vile vyote, hakuna aliyejua.

Wakaondoka mwezi wa kumi, maji yakiwa yamepungua. Bibi alikaa nyuma, pazia la kanga likimtenga na dereva.

"Hilda, mwambie mumeo apunguze mwendo. Hatuswagi ng'ombe."

"Amesikia, mama."

"Nimekutuma wewe umwambie."

Hilda akamwambia mumewe, naye akapunguza. Walipopita kijiji cha Fufu bibi alichangamka.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu ina magurudumu, mwenye nyumba analala nje."

Hilda alicheka hadi akashika dashibodi. "Huyo ni mume wangu." Na kweli, kila jua lilipozama wanawake walilala kitandani, naye Batholomeo alitandika turubai juu ya changarawe, mbali kiasi cha kutosikia hata mama mkwe akikohoa.

Siku tatu walifuata ukingo wa bwawa, wakisimama kila gari lilipoweza kufika. Bibi Loisi, mtoto wa vumbi, hakuwahi kuona maji mengi hivyo yakiwa yametulia bila mtu kupanga ndoo. Aliona kisiwa kilichojaa ndege weupe kama kimeanikwa mashuka. Aliona kingine chenye mti mmoja tu, na kivuli chake kikielea. Alikula samaki mpaka akasema Mungu amemlipa madeni ya njaa zote. Lakini kila kisiwa alichoonyeshwa alitikisa kichwa. Kilima chake kilikuwa kirefu. Alipokuwa msichana wa mbuzi alikipanda kwa kupumzika mara mbili.

Jioni ya tatu Batholomeo alisema, akiwa ametazama kando, "Hilda, mwambie mama asitafute kirefu. Mtu akiingia majini hadi shingoni humjui kwa kimo, unamjua kwa kichwa."

Bibi aliyageukia maji. Kisha akasema, "Mwambie mumeo kesho turudi kwa kile kidogo cha siku ya kwanza. Kile chenye mawe mawili kama vyungu vilivyopandana."

Asubuhi walipata mtumbwi wa mzee Damas, mvuvi wa Kihehe, mtani wao, maana Wagogo na Wahehe hutaniana.

"Shikamoo, dada yangu," alisema Damas, mzee mwenzake kabisa. "Wagogo siku hizi mmechoka kuomba mvua, mmefuata maji yenyewe?"

"Hiyo shikamoo waachie wajukuu. Piga kasia. Mbwa wangu nimemwacha nyumbani, asije akaishia chunguni mwako."

Walivuka wakicheka. Kicheko kiliishia kisiwani, maana maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha tope, hatua kama ishirini. Batholomeo aliruka, akazama hadi magotini, akasimama akiwapa mgongo kwa heshima. Hilda alijaribu kumshika mama yake. Nyonga mbovu ya bibi ikakataa, nusura waanguke wote.

"Mbebe wewe," Hilda alimwambia Damas.

"Nikiuachia mtumbwi kwa upepo huu tutarudi kwa kuogelea, na Mgogo anayeogelea bado sijamwona."

Mawe mawili yalikuwa pale juu, hata nyufa zake bibi alizijua. Aliketi ukingoni mwa mtumbwi. "Turudi," alisema. "Mkwe habebwi. Kilima nimekiona, yatosha."

Lakini haikutosha, na mikono yake iliujua ukweli huo, maana haikuachia ukingo. Alitazama ule mgongo uliosimama topeni. Shati lilikuwa bado na alama za changarawe. Usiku tatu mtu mzima amelala chini kama mbwa wa boma ili yeye asivunjiwe mwiko, na asubuhi ameamka akichemsha chai ya kwanza ya mkwewe na kuiacha mlangoni. Heshima ya mtu wa namna hiyo, alijiuliza Bibi Loisi, itazamishwa na tope la hatua ishirini?

"Batholomeo," alisema. "Chuchumaa, mwanangu."

Mgongo haukutikisika. Batholomeo alikuwa anangoja Hilda alirudie.

"Umeitwa wewe," Hilda alisema.

Alimbeba kama abebwavyo mtoto, taratibu, akipima kila hatua kwa kidole cha mguu. Bibi alifumba macho. Hakuna mbingu iliyoanguka.

Kaburi lilikuwa nyuma ya mawe, duara la vijiwe, nusu limemezwa na nyasi. Bibi alivunja kichaka kikavu akafanya fagio, akapiga magoti, akafagia upande wa kichwa akimweleza mama yake habari zote: watoto, zabibu, ukame wa mwaka juzi, na gari lenye kitanda. Alishukuru kwa maneno mengi, kisha akageuka.

Batholomeo alikuwa amesimama mbali, amegeukia maji.

"Njoo," bibi alimwambia, akimtazama machoni na kumnyooshea fagio. "Upande wa miguu bado, na mimi nimechoka. Wewe nawe ni mtoto wake."

"Ndiyo, mama," alijibu Batholomeo, akapokea fagio, akainama.