Vikombe Vitatu vya Colin Petch

Nimeshakaa na mahabusu sitini na mmoja katika kituo cha polisi cha Askerby, na hakuna hata mmoja aliyenitisha. Nilipika chakula cha mchana katika shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja. Mtu aliyewasimamia watoto mia tatu siku ya kabichi hababaishwi na mtu mmoja aliyefungiwa chumbani.

Kazi yenyewe ni ya kujitolea. Sheria yetu hapa Uingereza inasema mtu mzima ambaye akili yake inakwenda taratibu asihojiwe na polisi mpaka awepo mtu wa nje ubavuni mwake, wa kuhakikisha anaelewa anachoulizwa. Mtu huyo si wakili wala askari. Ni raia mwenye masikio mazuri, na mimi masikio ninayo.

Jumatatu ile, saa tatu asubuhi, Sajini Kirsty Blenkin alinipigia simu. Ndiye anayesimamia mahabusu wa pale kituoni.

"Bi Glenda, njoo. Tunaye Colin Petch. Kile kibanda cha Norman Tasker kilichoungua, amekiri ni yeye."

"Colin? Huyu huyu anayetumwagilia bustani?"

"Huyu huyu. Hata mimi sikuamini."

Norman Tasker ni mwenyekiti wa chama cha bustani. Kibanda chake kiliungua Jumamosi saa nne asubuhi, na ndani mlikuwa na maboga yake mawili ya mashindano, makubwa kiasi cha kubebwa na wanaume wanne. Kwetu Askerby ule ni msiba kamili, watu walikwenda kumpa pole. Na Colin ni nani? Ni bwana wa miaka arobaini na sita, mpole kupita kiasi, anayeishi peke yake nyuma ya duka la dobi tangu mama yake afariki. Kuchoma mali ya mtu kwa makusudi ni kesi ya kwenda jela. Nikiwa kwenye basi nilijaribu kumwona Colin gerezani, nikashindwa. Asingemaliza wiki moja bila kubebeshwa makosa ya gereza zima.

Nilipofika, Kirsty alinipa kumbukumbu za mahabusu nizisome, maana ni haki yangu. Kila kitu kimeandikwa humo, na saa yake. Saa mbili na dakika kumi, ameletwa. Saa mbili na nusu, amepewa chai, amekubali. Saa mbili na dakika arobaini, haki zake zimesomwa, ameelewa, hahitaji wakili. Saa tatu, amepewa chai, amekubali.

Colin alikuwa kwenye chumba cha mahojiano, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha, kofia yake ya sufu magotini.

"Hujambo, Colin. Mimi ni Glenda. Nitakaa na wewe. Sawa?"

"Ndiyo."

"Nikuletee chai?"

"Ndiyo, ahsante."

Nikamletea, nikaiweka mbele yake. Kisha nikamuuliza, "Wameandika kwamba huhitaji wakili. Uko sawa bila wakili?"

"Ndiyo."

Hapo nilikosea, na nakiri bila kuzunguka. Nina haki ya kumwitia wakili hata kama mwenyewe hataki. Lakini kwa kujiamini kwangu nilidhani nimeshajua kila aina ya mtu, basi nikaliacha lipite.

Mpelelezi akaingia. Alikuwa Adeel Rafiq, mmoja wa watoto niliowapikia pale shuleni, sasa na suti mpya, faili kwapani. Aliponiona akasita mlangoni.

"Bi Glenda."

"Adeel. Bado unaficha njegere mfukoni?"

"Bi Glenda, tafadhali. Niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Kaa."

Akawasha kinasa sauti, akajitambulisha, akamsomea Colin onyo ambalo kila mtu hapa analijua kutokana na televisheni. Si lazima useme lolote. Lakini inaweza kudhuru utetezi wako ukinyamazia sasa jambo ambalo baadaye utalitegemea mahakamani. Lolote utakalosema linaweza kutolewa ushahidi.

"Umeelewa, Colin?"

"Ndiyo."

"Jumamosi ulikuwa kule bustanini?"

"Ndiyo."

"Bwana Tasker anasema alikuuliza jana kama ni wewe uliyechoma kibanda, ukamwambia ndiyo. Ni kweli?"

"Ndiyo."

"Ulitumia kiberiti?"

"Ndiyo."

"Au kiwashio?"

"Ndiyo."

Adeel aliandika. Si mtu mbaya, Adeel. Lakini alikuwa na Norman Tasker anayempigia simu kila saa, na hapa mezani alikuwa na mtu anayekiri bila kusukumwa. Kazi ilikuwa inajimaliza yenyewe.

Mimi nilikuwa naangalia meza. Palikuwa na vikombe vitatu vya chai, kimoja kimeshafanya utando juu, cha pili kimepoa, cha tatu, cha sasa hivi, bado kinatoa mvuke. Vyote vitatu vimejaa mpaka ukingoni. Hakuna hata kimoja kilichoguswa.

Nikamkumbuka msichana mmoja pale shuleni, Tracey, aliyekuwa akipokea kabichi kila siku, anasema ahsante, anaibeba, anakwenda kuimwaga. Mwaka mzima. Nilipomuuliza kwa nini asikatae, alisema hakujua kwamba inaruhusiwa. Na kikombe cha tatu nilikuwa nimekileta mimi mwenyewe.

"Adeel," nikasema, "nataka kumuuliza Colin kitu. Kinarekodi?"

"Kinarekodi, lakini Bi Glenda, maswali nauliza mimi."

"Kazi yangu ni kuhakikisha mnaelewana. Na hamwelewani. Colin, niangalie. Ile meli kubwa, Titanic, iliyozama baharini. Ni wewe uliyeizamisha?"

Colin akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Ndiyo," akasema. "Samahani sana."

Masikio ya Adeel yakawa mekundu, yale yale ya siku ya njegere.

"Titanic ilizama mwaka elfu moja mia tisa na kumi na mbili," akasema taratibu.

"Basi mwandikie na shtaka hilo, maana nalo amekiri. Au zima hicho chombo, umwite wakili wa zamu. Namtaka mimi, kwa niaba yake, na kwenye kumbukumbu iandikwe hivyo."

Akazima.

Wakili alifika saa saba mchana, dada mmoja aitwaye Bronwen Sayle, mkoba begani na sandwichi haijaisha mkononi. Alizungumza na Colin faraghani nusu saa. Alipotoka alisema hakuna atakayemuuliza mteja wake swali la kujibiwa kwa neno moja, na mpelelezi aanze kwa kumwambia jambo fulani. Nilifurahi, maana nilikuwa nimepanga kusema vile vile na kwa ukali zaidi.

Kinasa sauti kikawashwa tena. Adeel aliweka kalamu chini.

"Colin, humu ndani unaweza kusema hapana. Hakuna atakayekasirika. Mimi sitakasirika. Hapana ni jibu zuri tu."

Colin akamtazama Adeel, akanitazama mimi. "Mama alisema askari hakataliwi."

"Alikufundisha adabu," nikasema. "Adabu unayo, tumeiona sote. Leo tunataka habari tu."

"Niambie Jumamosi ulifanya nini," Adeel akasema. "Anzia ulipoamka."

Basi Colin akaanza, na ilibidi tumsubiri, kwa sababu alianzia kwenye soksi. Alivaa, akala mkate na jemu, akapita bustanini saa mbili kumwagilia nyanya za mama mmoja aliyesafiri, kisha akaenda stendi ya mabasi. Jumamosi huwa anakaa stendi mpaka saa sita, anaandika namba za mabasi.

"Unaziandika wapi?"

"Kwenye daftari. Alinichukulia yule sajini, na funguo zangu."

Daftari lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa lakiri, kwenye kabati nyuma ya meza ya Kirsty, hatua kumi na mbili kutoka tulipokaa. Lilikuwa pale tangu asubuhi. Kirsty alilileta mwenyewe na hakumwangalia mtu usoni.

Adeel akalifungua na kusoma kwa sauti. "Jumamosi. Saa tatu na dakika hamsini na mbili, namba kumi na nne, imechelewa dakika sita. Saa nne na dakika tatu, namba saba, dereva mpya. Saa nne na dakika kumi, namba kumi na nne tena, taa moja ya nyuma haiwaki." Akafunua ukurasa, na mwingine. Jumamosi za miaka mingi zilikuwa humo, kwa mwandiko wa mtoto mwenye bidii.

Alitoka kwenda kupiga simu. Alikaa dakika arobaini. Kampuni ya mabasi ikathibitisha zile dakika sita, na ile taa. Kamera ya stendi ikamwonyesha Colin kwenye benchi na kofia yake, saa nne kamili, wakati moshi ulipoanza kule bustanini, maili mbili na nusu kutoka pale.

Aliporudi alibaki amesimama.

"Colin, nakuuliza mara moja tu, nawe jibu unavyotaka. Ulichoma kibanda cha Bwana Tasker?"

Bronwen akafungua mdomo kumzuia, lakini Colin alishaanza kuvuta pumzi. Aliivuta ndefu, kama mtu anayetaka kuruka mtaro.

"Hapana," akasema.

Nilijikuta natoa leso. Mimi, ambaye sikulia hata nilipostaafu.

"Na Titanic?" Adeel akauliza.

"Hapana." Hii ya pili ilitoka kwa wepesi zaidi, na Colin akacheka kidogo.

Wakamwachia saa tisa na robo, bila masharti. Kwenye meza ya mbele alirudishiwa funguo na daftari lake. Adeel alimpa mkono na kumwomba radhi, kwa sauti ya kusikika, mbele ya askari wenzake, na kwa hilo nimemsamehe njegere zote. Kirsty naye alikuwa amejaa aibu, akatafuta wema wa kumfanyia, akaupata ule anaoujua.

"Colin kaka, kabla hujaondoka, nikuletee chai?"

Colin akavaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Hapana, ahsante," akasema. "Sipendi chai. Sijawahi kuipenda."

Kirsty akavuta kumbukumbu za mahabusu. Akaandika saa tisa na dakika ishirini, amepewa chai, amekataa.