Ndoa Ambayo Fundi Hakuifunga

Mkewe alipofariki, kitu cha kwanza kilichomshika Fundi kilikuwa woga. Machozi yalikuja baadaye. Alihofia paroko angekataa kumsomea marehemu misa, kwa sababu miaka yote waliyoishi pamoja, hadi watoto kukua na kujitegemea, wawili hao hawakuwahi kufunga ndoa kanisani.

Wote walibatizwa wakiwa wachanga. Walipoanza maisha wazazi wa pande zote waliridhika, na kila mkewe alipotaja kanisa, Fundi alikuwa na jibu. Kwanza wamalize nyumba. Nyumba ikaisha, akasema kwanza mtoto wa mwisho aanze shule. Mtoto akaanza, Fundi akasema kazi zipungue kidogo. Kazi ya kuchomelea vyuma haipungui, kila mtu anataka dirisha. Hata madirisha ya kanisa aliyatengeneza yeye, na watu wakamtania kwamba amejiwekea nondo mwenyewe ili asipate pa kuingilia. Alicheka nao. Sababu yenyewe hakumwambia mtu. Aliona haya kwenda mafundisho ya ndoa, akae benchi moja na vijana wa umri wa wanawe, katekista akimuuliza amri za Mungu, halafu aitwe bwana harusi na mvi kidevuni. Basi akaipiga danadana habari hiyo mpaka mkewe akaacha kuuliza, naye akajiambia kwamba mwanamke ameridhika.

Kwenye kikao cha familia ndugu mmoja aliuliza, kwa sauti ya chini, kama ndoa ilikuwepo, maana alijua mtu aliyezikwa bila padre. Watu wakatazama chini. Fundi akasema mambo ya parokia wamwachie yeye.

Alikwenda na binti yake wa kwanza, muuza dawa, mwanamke wa maneno machache kama mama yake. Paroko aliwapokea vizuri, akawapa pole, akawavutia viti. Alikuwa kijana kuliko Fundi, na mkono wake ulikuwa na wino kama wa mwanafunzi. Wakapanga saa ya misa na nani atasoma. Binti akataja nyimbo ambazo mama yake alizipenda, paroko akaziandika, akasema kwaya inazifahamu. Mambo yalikuwa yakienda kama maji mteremkoni. Ila Fundi hakuweza kusubiri swali alilolihofia.

"Padre," alisema, "sisi ndoa tulifunga. Parokia ya kwetu, zamani. Cheti ndicho kiliungua."

Hakuna aliyemuuliza. Kalamu ya paroko ilisimama. Akamtazama binti, na binti akawa analikunja na kulikunjua pindo la kanga yake. Kisha paroko akasema, "Sawa, Fundi," akauliza nani atapeleka vipaji altareni.

Walipotoka nje Fundi alihisi mzigo umemshuka. Alianza hata kuzungumzia turubai na viti. Binti akasimama kivulini, pembeni ya ukuta wa ofisi, akamgeukia.

"Baba, Padre anajua."

"Anajua nini?"

"Alikuja hospitali. Mimi ndiye niliyempigia, mama aliniomba. Aliungama, akapakwa mafuta, akapokea komunyo. Misa yake haikuwa na shaka tangu siku ile." Alikuwa anaongea taratibu, bila hasira, na hilo lilimuuma Fundi zaidi. "Mama alisema usiambiwe. Alisema utajisikia vibaya."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Fundi hakutarajia iishie hapohapo mlangoni, mbele ya mtoto wake. Masikio yalimwaka moto. Alikumbuka ile "Sawa, Fundi," na jinsi paroko alivyoinamisha kichwa haraka kuandika, kama mtu anayepishana na mwenzake aliyevaa nguo iliyopasuka. Akamwambia binti amsubiri, akarudi ndani.

Paroko alikuwa bado amekaa.

"Nimekudanganya, Padre."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Binti yako alikuwepo."

Fundi akakaa bila kukaribishwa. Akauliza kama mkewe alisema lolote juu yake. Paroko alifikiri kwanza. Akasema yaliyo ya kitubio ni ya Mungu, lakini kuna neno alilolisema wakiwa wanazungumza tu, binti akiwepo. Yeye paroko alikuwa amependekeza aitwe mume wodini, wafungishwe ndoa palepale kitandani, maana Kanisa linaruhusu. Mgonjwa akakataa.

"Alisema, akija, aje kwa miguu yake. Hakutaka usukumwe na ugonjwa wake. Akasema pia kwamba wewe si mtu mbaya, una haya tu."

Kumbe alijua. Miaka yote aliyomwambia habari za nyumba na shule na kazi, yule mwanamke alikuwa anaisikia sababu yenyewe chini ya maneno, akaamua kumstahi. Fundi alifunika uso kwa viganja vyake vyenye makovu ya moto.

Kisha akaomba kitu kimoja: kwenye misa asimame mbele ya watu, aseme kwamba ndoa haikuwepo, na kwamba kosa lilikuwa lake peke yake.

Paroko akakataa. Alisema siku hiyo ni ya marehemu, watu watakuja kumwombea yeye. "Ukisimama, watarudi nyumbani wakizungumza habari zako. Mwachie siku yake, Fundi. Lako lina mahali pake."

Fundi alikuwa amejiandaa kupigwa, akanyimwa fimbo. Akashukuru, akatoka.

Siku ya misa kanisa lilijaa. Fundi aliketi safu ya mbele, ukingoni, karibu na jeneza, mahali alipoonyeshwa na shemeji yake, dada wa marehemu. Alisikiliza masomo, ingawa akili ilikuwa ikienda na kurudi. Ilipofika komunyo watu walianza kuinuka, safu baada ya safu. Wanawe wakatoka. Shemeji akainuka pia, akamwekea mkoba wake mapajani.

"Nishikie," alinong'ona.

Mwanamke aliyemfuata akaweka wake kando ya Fundi. Na wa nyuma yake. Ndipo mmoja wao, jirani yao, alipogundua alichofanya. Mkono ukabaki juu ya mkoba.

"Tusamehe, baba. Tumezoea. Mama ndiye aliyekuwa anatushikia."

Akaenda. Fundi akabaki na mikoba ya wanawake miguuni na mapajani, benchi zima likiwa tupu, watu wote wakipita mbele yake mikono wameikunja kifuani. Baadhi walimtazama, wengi wakatazama pembeni kwa adabu. Alitamani sakafu ipasuke. Alidhani wimbo hautaisha. Naye mkewe, asiyeruhusiwa komunyo kwa kukosa ndoa ya kanisani, alikaa namna hii kila Jumapili, akahifadhi vitu vya wenzake, kisha akarudi nyumbani akamuuliza mumewe kama amekunywa chai. Hapo ndipo Fundi alipolia, kwa kwikwi, na watu wakadhani ni kilio cha kawaida cha mfiwa.

Walizika mchana, jua likiwa kali. Fundi alitupa udongo, akasimama mpaka kaburi likasawazishwa. Watu walipokuwa wanatawanyika alimwendea paroko. Kabla hajafungua kinywa, paroko akamwambia kuungama ni Jumamosi alasiri.

Jumamosi alifunga karakana mapema, akaoga, akavaa shati safi. Foleni ya kitubio ilikuwa ndefu, karibu wote akina mama. Alikaa nyuma yao. Mmoja akageuka akamtambua, akamsalimia, akamuuliza watoto wanaendeleaje. Fundi alijibu akitazama viatu vyake, uso umemwiva kwa haya. Akataka kusema amesahau kitu karakanani.

Yule mama akasogea mbele nafasi moja. Fundi naye akasogea.