Bidoni Gani?

Blandine alikuwa akisahihisha kazi za kemia, saa sita mchana, alipoona kosa ambalo tayari lilikuwa limebandikwa kwenye milango ya mtaa wa Mulongwe.

Tangu mwaka wa shule uanze alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake wa sekondari kuandika maelekezo ya kazi: hatua moja moja, vipimo kamili. Fomula walizikariri vizuri, ila kumweleza mtu namna ya kuzitumia hawakuweza. Mto ulipofurika na watu wakaanza kutaja kipindupindu, alichagua karatasi ya mwanafunzi wake Umwiza, iliyoeleza jinsi ya kusafisha maji kwa klorini. Akaitia sahihi. Darasa likainakili na kuibandika mtaani.

Sasa aliisoma tena. “Tia kizibo kimoja cha dawa ndani ya bidoni.” Umwiza alimaanisha bidoni kubwa ya njano, dumu la lita ishirini. Lakini huko Mulongwe wengi huchota kwa bidoni ndogo za lita tano, ambamo kizibo hicho ni dawa mara nne.

Hakungoja kengele. Alimchukua Umwiza, wakaingia kwenye matope, wakibandua karatasi mlango kwa mlango. Umwiza alirudia kusema njia nzima kwamba kila mtu anajua bidoni ni ile kubwa. Blandine alizidi kuharakisha.

Walimkuta Mama Claudette, muuza samaki wadogo wa ndagala, amempakata mtoto wake aliyelegea. Aliwaambia kuwa alifuata karatasi neno kwa neno. Maji yakanuka dawa vibaya, watoto wakayakataa, naye akayamwaga na kurudi kuchota mtoni. Tangu alfajiri mtoto alikuwa akiharisha.

Blandine alimbeba mtoto yeye mwenyewe mpaka kituo cha afya. Wauguzi walimtundikia maji, na nje Umwiza hakuweza kukaa. Alikwenda ukutani, akarudi, akaenda tena.

“Madame, ni minye nilimugonjwesha.”

“Maji ya mto ndiyo yalimugonjwesha,” Blandine alisema. “Lakini kama mama yake aliyarudilia, ni juu ya karatasi yetu. Weye uliandika, minye nikatia sahihi.”

Siku ya tatu mtoto aliruhusiwa kurudi nyumbani. Jioni hiyo hiyo Umwiza alimpelekea Mama Claudette karatasi mpya, iliyotaja lita. Alimwomba asome na kufanya, naye akakaa pembeni, mikono katikati ya magoti, asiseme lolote. Hilo ndilo agizo alilopewa na Blandine, na lilimtesa.

Mama Claudette alipima dawa, akakoroga, kisha akasimama na mwiko mkononi.

“Hapa iko imeandikwa ningoje. Ningoje mpaka saa ngapi?”

Umwiza alifungua mdomo amjibu, akajizuia. Akaomba karatasi yake, akatoa kalamu, akaanza kufuta neno “ngoja”.