Mkono Uliobaki Darasani

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya simu ya dada Tumwagile. Dada anasoma Kiingereza cha chuo kwa mtandao, hapa chumbani kwetu, simu ikiegemea kopo la sukari. Mimi niliishia darasa la tano. Akisoma, mimi hukaa pembeni, mahali ambapo kamera hainioni, namenya viazi na kusikiliza.

Ndani ya simu kila mwanafunzi amekaa kwenye kidirisha chake. Midomo inacheza, sauti hakuna. Sauti zote za kuongea na mwalimu zimefunikwa kwenye hotipoti mezani kwa mwalimu.

"Anayetaka sauti yake anyooshe mkono," anasema mwalimu kwa Kiingereza, na ninaelewa kila neno. Yeye ni kichwa na mabega tu, chini ameishia hapo.

Nina swali. Nimekaa nalo tangu muhula uanze.

Juu ya ndoo iliyopinduliwa ameketi Bando wa intaneti, mwembamba, amevaa suti, anakunywa chai.

"Binti, fanya haraka. Kikombe kikiisha, darasa linazimika."

"Shikamoo. Huwezi kunywa polepole?"

"Marahaba. Dada yako alininunulia kikombe kidogo."

Nikanyoosha mkono. Ukachomoka begani, ukapanda, ukatulia darini kati ya mikono mingine yenye vumbi.

"Ile ya nani?" nikauliza.

"Ya waliochoka kusubiri," ikajibu picha ya kijana mwenye tai, iliyokaa peke yake kwenye kidirisha. "Mwenyewe yuko sokoni. Mimi nahudhuria tu."

"Na anaelewa?"

"Hilo muulize yeye. Mimi nimefundishwa kutabasamu."

Mwalimu akatazama dari. "Mkono huu siujui. Haya, sema."

Akafunua hotipoti, akanipa sauti yangu, bado ya moto.

"Mwalimu, anayesikiliza pembeni, kamera isipomwona, naye amesoma?"

Mwalimu akafungua mdomo. Bando akamaliza chai.

Nikaamka. Kumekucha, dada ameshaingia darasani.

"Tumwagile," simu inasema, "mkono wako uko juu tangu jana. Una swali?"

"Sijanyoosha, mwalimu."

Dada akanigeukia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa wa baridi, na nilikuwa nabandua utando wa buibui vidoleni.

Aliutazama ule utando. Kisha akalisogeza kopo la sukari, taratibu, mpaka kamera ikaniona.