Shahidi wa Neema

Ghati alikamua ng'ombe, akawapa wanawe uji, akavaa gauni la kanisani. Leo alikuwa anamtolea ushahidi wifi yake, Neema, mahakama ya mwanzo.

Marehemu Bhoke, mama yake Neema, hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa desturi ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke mwenzake, alimtolea Ghati mahari ya ng'ombe, akamwoa, ili amzalie wajukuu wa kubeba jina la nyumba. Ghati alizaa wavulana wawili, akalima shamba la Bhoke la Nyanungu, akamuuguza Bhoke mpaka kaburini. Sasa Werema, baba mdogo wa Neema, alilitaka shamba.

Nje ya mahakama Neema alimvuta kando.

"Wifi, mambo ya ntobhu usiyataje. Sheria haiyajui, yatatuharibia kesi. Wewe sema ulikuwa unamsaidia mama kazi."

"Na watoto?"

"Nyie ni wangu. Kwani nitawatupa?"

Ndani, Werema alisema binti haridhi ardhi ya ukoo. Ghati akaapa kwa Biblia, akasema alivyoelekezwa: alikuwa msaidizi wa kazi, na alimsikia marehemu akimpa binti yake shamba. Hakimu akasema mtoto wa kike ana haki sawa na wa kiume. Shamba ni la Neema.

Neema alimkumbatia huku analia. "Tumeshinda, wifi!"

Walipofika nyumbani, walimkuta mwanaume akitandaza kamba ya kupimia katikati ya mihogo.

"Nani huyu?"

"Erasto. Amenunua." Neema alikuwa anafuta vumbi kwenye viatu. "Mimi maisha yangu yako Musoma."

"Na sisi?"

"Wifi, umeapa mwenyewe. Msaidizi wa kazi."

"Si wewe ulinituma?"

"Sasa ningefanyaje?"

Werema, aliyekuwa akipita na ng'ombe wake, alisimama. "Ghati! Haki za wanawake tamu, eeh?" Akacheka, akaendelea na safari.

Ghati aligeukia nyumba. Wanawe walikuwa wamesimama mlangoni, wanamtazama shangazi yao.

Erasto alisogea, ncha ya kamba mkononi. "Samahani, mama. Wewe hapa ni nani?"

Neema akafungua kinywa.

"Mke," Ghati alisema. "Mke wa nyumba hii."

Akainua gauni lake la kanisani kidogo, akaketi juu ya kamba.