Maji Hayashuki kwa Taesis

Tbekis alirudi kutoka makaburini na mtungi ukiwa bado una maji, akauweka chini bila hata kuvua shela. Mumewe Petemin alimtazama usoni akajua kuna neno.

"Baba Taesis, maji hayaingii."

"Hayaingii wapi?"

"Kwa mtoto. Nimemimina, yakapanda juu yakanirudia miguuni. Mtoto amekataa maji yetu."

"Mchanga huo, mama. Upepo wa juzi umeliziba bomba."

"Mchanga unakunywa maji, haukatai. Na ninamwota. Amesimama mlangoni, vumbi mpaka magotini, ananiambia mama nimechoka. Maiti anachokea wapi?"

Petemin aliuinua mtungi, akauona mzito. Binti yao Taesis alichukuliwa na homa mto ulipofura, hata ungo hajavunja. Walimzika ng'ambo ya magharibi, kwenye mchanga wa ukoo wa mama yake, wakamwekea bomba la udongo, pana kiasi cha kupita mkono, kutoka juu mpaka kichwani pake, ili apate kunywa. Watu wa Thebe ya Misri wanajua kwamba maiti asiyenyweshwa hana tofauti na aliyetupwa.

Petemin mwenyewe alikuwa mtoto wa kuhani, lakini ukuhani hauliwi hekalu likishafungwa. Alichorithi ni magombo na njaa. Basi akazigeuza sala za baba yake kwa Kigiriki, akanyunyizia majina ya malaika wa Kiyahudi na miungu ya Babeli ambayo hata yeye hakuijua, maana mnunuzi hupenda asichokielewa, kisha akashona vitabu vya uganga: ufukize nini, uvae hirizi gani, umwiteje pepo, uufungeje moyo wa mwanamke. Tajiri mmoja wa Aleksandria alivichukua kwa mafurushi, vikaenda nchi ambazo watu wake hawajaona hata mamba. Vingine aliviuza palepale mjini. Ndani ya kitabu hakuogopa kitu, alikuwa akicheka huku akiandika. Aliyemwogopa ni liwali. Tangu ije amri ya kaisari, anayekutwa na vitabu hivyo huchomwa navyo, na anayekutwa akichokora kaburi haulizwi mara mbili. Mwaka uliopita walimchoma mtengeneza ngozi sokoni, na Petemin alisimama kutazama na wenzake, jasho likimtoka mgongoni.

Alasiri ile akaja Kolanthos, muuza kitani, amenuna.

"Fundi, dawa yako imelala. Yule mwanamke Senyris ananipita sokoni kama mimi si mtu."

"Ulifuata kitabu?"

"Neno kwa neno. Nimeandika kwenye bamba la madini ya risasi, nimelikunja, nimelipigilia msumari. Kitabu chako kinasema lipelekwe kwa aliyekufa kabla ya siku zake, maana roho yake ndiyo inayotumwa. Nikapeleka."

"Kwa nani?"

"Jina nitalijuaje? Kaburi la mtoto, kule magharibi, jipya kabisa. Wala sikuchimba. Wenyewe wamemwekea bomba la maji, nikalitumbukiza humo, nikajiondokea. Kazi nyepesi."

 Maneno ya lile bamba Petemin aliyajua kwa moyo, kwa kuwa yalikuwa yake, ya kumwamuru maiti: usilale, usinywe, usipumzike, mpaka umemleta huyo mwanamke. Hilo la usinywe halikuwamo kwenye gombo la baba yake. Aliliongeza yeye kwa kuwa lilisikika vizuri. Miaka yote aliyauza bila kuyaamini, na sasa aliyaamini yote kwa mpigo mmoja.

Alimfukuza Kolanthos, akamweleza mkewe. Tbekis alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemtuma mwanangu," alisema.

"Sikujua ni yeye."

"Ungejuaje? Umeandika waliokufa kabla ya siku zao. Ulidhani hao ni watoto wa nani?"

"Tungoje askari waondoke barabarani, mama Taesis. Tukionekana tumekwisha."

"Ngoja wewe. Mwenzio hajanywa."

Asubuhi walivuka mto pamoja, na kikapu cha mikate na mtungi. Askari wawili walikuwa barabarani penye makaburi, na mmoja aliwajua. "Leo mmekuja wote? Haya, mtoto atafurahi," alisema, akawapisha. Petemin alijaribu kutabasamu, midomo ikagoma.

Alipiga magoti, akaingiza mkono bombani. Vidole vikagusa kitu baridi. Akalivuta bamba la Kolanthos, msumari na yote, akamshukuru mungu wa kwanza aliyemjia kichwani.

"Mimina," alinong'ona.

Tbekis akamimina. Maji yakasimama palepale.

Akaingiza mkono tena. Chini kulikuwa na bamba jingine, na chini yake jingine, yamesongamana, kila moja na mwandiko wa mtu mwingine, na kila moja na maneno ya Petemin. Kolanthos hakuwa wa kwanza. Kila aliyenunua kitabu alitafuta kaburi la mtoto lenye tundu tayari. Petemin aliyatoa akilia bila sauti, na Tbekis aliyaficha chini ya mikate mpaka kikapu kikamwelemea.

"Nyinyi, mnafanya nini hapo?" askari aliita kutoka barabarani.

"Baba Taesis, anakuja. Tuondoke."

"Bado."

"Watakuchoma."

"Bado liko moja, nalisikia."

Alilala kifudifudi, akazamisha mkono mpaka begani, ngozi ikichubuka kwenye udongo. Hatua za askari zilikuwa karibu sasa, mchanga ukilia chini ya viatu. Akalinasa kwa ncha za vidole, akalivuta.

"Mimina."

Maji yakashuka. Waliyasikia yakienda chini, taratibu, mpaka kwake.

Askari alipindua kikapu kwa mkuki. Mikate ikaviringika, na mabamba yakamwagika mchangani. Akarudi nyuma hatua, naye ameogopa, kisha akamgeukia Tbekis aliyekuwa na kikapu kile ubavuni.

"Vya nani hivi?"

"Vyangu," alisema Petemin. Akakivutia kikapu upande wake. "Maneno yote hayo ni yangu, na vitabu viko nyumbani. Huyu amekuja kumnywesha mwanawe tu. Mwache amalize."

Askari wote wawili wakamshika mikono wakampeleka kwa liwali. Tbekis hakuthubutu kugeuka. Aliinamia bomba, akaendelea kumimina.