Gari Lenye Macho

Asubuhi hiyo fundi vioo alimpasulia mkwewe bila kumung'unya maneno: "Leo ndiyo mwisho wa kunipakia kama gunia. Kesho naendesha mwenyewe."

Mkwe, mume wa bintiye, aliguna tu. Ndivyo alivyoguna kila siku tangu daktari ampige mzee marufuku kushika usukani kwa sababu ya presha ya macho. Guno la kumpeleka karakana, guno la kumrudisha. Lilimchoma fundi kuliko kipande cha kioo. Kisha redio ikatangaza gari linalojiendesha: "Wewe tulia. Gari letu lina macho." Loo! Mzee alilisikiliza tangazo lile mpaka akaliota.

Sasa alikuwa ndani ya gari lenyewe kulijaribu, kiti cha mbele, pembeni ya kijana wa mauzo, mke wa fundi nyuma kanuna. Kijana akaachia usukani, akainua mikono juu. Gari likakata kona lenyewe, taratibu, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Fundi akahisi kifua kinapanuka.

"Umeona, mzee wangu?"

"Sioni, bwana. Ndiyo maana nimekuja."

Kijana akacheka kupita kiasi. Lakini kila walipokaribia makutano, kiatu chake kipya kililia kwi, huko chini. Mwanzo fundi alinyamaza. Kilipozidi akauliza, "Mguu wako unatafuta nini kwenye breki?"

"Mazoea tu, mzee."

"Uondoe."

Mbele yao kelele za watoto waliotoka shule zilikuwa zinamwagika barabarani.

"Nimesema uondoe! Si lina macho?"

"Mzee, hapa kuna watoto!" Kiatu kikalia kwi, gari likasimama ghafla, mikanda ikawabana. Kijana alikuwa anahema. "Dereva anatakiwa aangalie barabara muda wote. Imeandikwa kwenye mkataba."

"Dereva yupi? Mimi?"

Hapo fundi akachemka. "Washenzi nyie! Redioni mnaniambia nitulie, kwenye karatasi mnaniambia niangalie barabara! Ningekuwa peke yangu humu, leo ningekuwa nimeua mtoto wa mtu!"

"Twende nyumbani, baba watoto," mkewe akasema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Alishuka palepale, akakataa kurudishwa. Ikabidi simu ipigwe kwa yuleyule wa maguno. Mkwe akaja, akashusha kioo, na hakukosa la kuchokoza: "Ehe, baba, lile lenye macho limepofuka?"

Mzee alipapasa mlango, akaingia, akafunga mkanda. Machozi yalikuwa yanamlengalenga wala hakujali nani anayaona.

"Endesha," alisema. "Guna utakavyo. Wewe angalau hukuniahidi kitu."